Nilishapokea zawadi za mbio za barabarani: je, bado naweza kukimbilia chuo cha Marekani?

*Swali: Hujambo mwalimu. Nina miaka 21, natoka Elgeyo Marakwet. Nilifanya KCSE mwishoni mwa 2022 nikapata C+. Mwaka 2023 nilikaa nyumbani nikifanya mazoezi tu kwa sababu karo ya chuo haikupatikana. Mwaka 2024 nilikimbia mbio mbili za barabarani, moja nikapata shilingi 15,000. Mwaka 2025 nikakimbia tatu, na katika moja nilimaliza wa tatu nikapewa 50,000. Mwaka huu sijashindana bado, ila nimealikwa nusu marathoni mwezi ujao. Kocha wa chuo kimoja cha Division I Marekani ananiandikia kwa WhatsApp, anataka niingie Agosti 2026. Mwenzangu wa kambini anasema ukishapokea hela wewe ni profeshono, basi umekwisha. Kuna broka mjini anayetaka 150,000 anisaidie, lakini anasema nisitaje zile mbio. Meneja mmoja naye ameniletea viatu na karatasi ya kusaini. Na mzee wangu anasema nijiunge kwanza na chuo cha hapa nikisubiri visa. Nifuate lipi?*

Kijana wangu, hujakwisha. Umepunguziwa, na usipoangalia utapunguziwa tena mwezi ujao. Wote wanaokushauri wamekodolea macho hela, na kwa maelezo uliyonipa, hela ndiyo shida ndogo kuliko zote. Kinachokula haki yako ya kushindana ni muda: ulimaliza shule lini, umekimbia nini tangu hapo, na utasajiliwa lini kama mwanafunzi wa chuo. Hayo matatu ukiyaelewa, mengine yote uliyouliza yatajipanga yenyewe.

Anza na jambo ambalo watu wengi Iten na Kapsabet hawalijui. Katika Division I, daraja la juu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mwanariadha hupewa misimu minne ya kushindana, na lazima aimalize ndani ya miaka mitano ya kalenda tangu siku aliposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi wa muda wote katika chuo chochote. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza. Ya pili inakuhusu zaidi, nayo ni ya kipindi cha kati, baada ya sekondari na kabla ya chuo. Kwa riadha na mbio za nyika, ukishamaliza sekondari unapewa mwaka mmoja wa neema. Ndani ya mwaka huo unaweza kushindana na usipoteze msimu. Ukipita kabla hujajiunga na chuo, kila kipindi cha miezi kumi na miwili kinachofuata ambacho ndani yake ulishindana, hata mara moja tu, kinakukata msimu mmoja. Juu ya hayo, ukifika chuoni utakaa mwaka mzima wa masomo bila kuvaa jezi ya chuo kwenye mashindano.

Sasa tuweke tarehe zako mezani. Chukulia ulimaliza Desemba 2022. Mwaka wa neema ulikwenda hadi Desemba 2023, nawe hukushindana, kwa hiyo hapo huna deni lakini pia hukuitumia neema yenyewe. Kuanzia hapo hadi Desemba 2024 ulikimbia mbio mbili: msimu mmoja umekwenda. Uone vizuri kwamba mbili au ishirini ni sawa, kinachohesabiwa ni kipindi, wala si idadi ya mbio. Kipindi kilichofuata, hadi Desemba 2025, ulikimbia tatu: msimu wa pili umekwenda. Kipindi cha tatu ndicho hiki tulichomo, na bado ni kisafi. Ukiitikia ule mwaliko wa nusu marathoni, utaingia Agosti ukiwa na msimu mmoja badala ya miwili. Mwaka wa kukaa nje unakusubiri ukikimbia usikimbie, kwa sababu ya mbio za 2024 na 2025.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: usikimbie mwezi ujao. Andikia waandaaji leo uwashukuru, useme hutafika.

Najua utauliza: na mazoezi je? Mazoezi hayana shida. Fartlek (mazoezi ya kubadilisha kasi) ya Alhamisi pale Iten, hata ikiwa na watu mia mbili na ukamaliza mbele ya bingwa wa dunia, ni mazoezi, kwa sababu hakuna namba kifuani, hakuna matokeo yanayotangazwa, hakuna zawadi. Shindano, kwa macho ya NCAA, ni lile lililopangwa na mwandaaji au mdhamini, muda ukarekodiwa rasmi, nafasi zikatangazwa. Na usijidanganye kwamba barabara si uwanja. Kanuni zao huchukulia mbio za barabarani, nyika na uwanja kuwa familia moja kwenye jambo hili. Ukikimbia kilomita kumi za barabara, umejigusa kote.

Kuhusu umri, acha nikutoe wasiwasi. Miaka 21 peke yake si kosa. Kama ungemaliza shule ukalima viazi miaka mitatu bila kuvaa namba hata siku moja, ungefika na misimu yako yote minne.

Kanuni yenyewe ina historia, na sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani yake. Miaka ya 1970 vyuo kama Washington State na Texas-El Paso viligundua kwamba huku kuna wakimbiaji waliokomaa. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyefika Texas-El Paso akiwa mtu mzima tayari, alikusanya mataji ya NCAA, na katikati ya masomo akaenda Olimpiki ya Moscow 1980 akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000. Wamarekani wakalalamika kwamba vijana wao wa miaka 18 wanawekwa mstari mmoja na watu wazima. Kulikuwa na kanuni ya awali iliyowabana wageni peke yao. Chuo Kikuu cha Howard, kilichonyang'anywa taji lake la soka la 1971, kikaipeleka mahakamani, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Washington ikaona kwamba kuwabagua wageni namna ile kunakiuka katiba. NCAA ikageuka: badala ya kuuliza unatoka nchi gani, ikaanza kuuliza umeshindana kwa muda gani kabla ya kuja. Kwenye karatasi kanuni ya sasa ni ya kila mtu. Kiutendaji inamuuma zaidi kijana wa kwetu, kwa sababu Mmarekani humaliza shule Mei au Juni na Agosti yuko chuoni, ilhali wetu humaliza Novemba au Desemba, akasubiri matokeo, karo na visa, na njaa ikampeleka barabarani. Sioni kama ni haki kamili, lakini ndiyo kanuni utakayopimwa nayo.

Hapo hapo niseme jambo dogo kwa wengine wanaosoma. Wale waliofanya KCSE ya 2021 waliifanya Machi 2022 kwa sababu korona ilivuruga kalenda ya shule. NCAA hutazama tarehe ambayo ulitarajiwa kumaliza kulingana na mfumo wa nchi yako, kwa hiyo ambatanisha barua ya mwalimu mkuu inayoeleza kalenda ya miaka ile. Na kurudia darasa hakuongezi muda, hesabu hufuata njia ya kawaida tangu ulipoingia kidato cha kwanza.

Tuje kwenye hela. Mwenzako wa kambini amesikia nusu. Kwa kawaida kanuni ya Division I haisemi ukigusa shilingi umekwisha. Inasema kwamba kabla ya kujiunga na chuo, unaweza kupokea zawadi ya nafasi uliyomaliza kutoka kwa mwandaaji, mradi isizidi gharama halisi ulizotumia kushiriki shindano lile: nauli, malazi, chakula, ada ya kujisajili. Zile 15,000 huenda zikajieleza kama ulisafiri hadi Nairobi au Mombasa ukalala siku mbili. Zile 50,000 ni vigumu zaidi. Usikae ukikisia. Toa taarifa ya M-Pesa ya miezi ile, uonyeshe hela ilivyoingia na ilivyotoka: matatu hadi Eldoret, basi, gesti, hoteli ya chakula. Andika kila mbio kwenye karatasi yake.

Na ikibainika ulizidisha, bado kuna njia. Chuo hukuombea urejeshewe haki ya kushindana, na sharti la kawaida ni utoe kiasi kilichozidi kwa shirika la hisani, pengine na kukosa mashindano machache. Huko hela humalizwa kwa hela. Msimu uliokatwa kwa kuchelewa haununuliki. Isitoshe, kanuni yenyewe ya zawadi inatikisika: Reese Brantmeier, mchezaji tenisi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, aliishtaki NCAA mwaka 2024 kwa sababu ya zawadi za mashindano, na tangu hapo upepo umekuwa ukivuma kuelekea kulegeza. Kwa hiyo uliza kanuni ya mwaka utakaoingia, usitumie aliyoambiwa binamu yako 2019.

Huyo broka sasa. Sitamung'unya maneno: mkimbie. Anataka hela yako ili akufundishe kosa ambalo ndilo pekee kwenye barua yako yote linaloweza kukufungia moja kwa moja. Kila mwanariadha wa Division I hufungua akaunti kwenye kituo cha NCAA cha kuthibitisha sifa, na humo hujibu maswali kuhusu kila shindano, kila zawadi na kila mtu aliyemwakilisha. Wanaosoma majibu hayo wanajua kutafuta. Matokeo ya mbio za barabarani yapo mtandaoni, picha yako na namba kifuani ipo Facebook ya mwandaaji. Njia ya mwongo ni fupi. Ukigundulika kwa kusema uongo, kosa linahama kutoka hesabu ya misimu na kuwa la uadilifu, na hapo unaweza kupoteza vyote, pamoja na ushindi wa timu nzima uliyoikimbilia. Uongo huo ukiingia hadi kwenye karatasi za visa, unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote. Wazazi wa Uasin Gishu bado hawajasahau sakata la masomo ya Finland, walipolipa hela na watoto wengi wasisafiri, sina haja ya kuwahubiria.

Kuna watu halali wanaosaidia vijana kupata vyuo, siwakatai. Dalili ya mtu halali ni kwamba anatoza ada inayojulikana kwa kazi inayojulikana, wala hadai asilimia ya skolashipu. Kulipwa kulingana na skolashipu utakayopata ni jambo linaloweza kukuharibia wewe mwenyewe. Lakini katika hali yako sioni unamlipia nini mtu. Kocha unaye tayari.

Meneja: rudisha karatasi bila kusaini. Kukubali mtu akuwakilishe kwa ajili ya riadha yako, hata kwa mdomo, ni miongoni mwa mambo ya zamani kabisa yanayomwondolea mtu sifa. Viatu ulivyopokea, vitaje kwenye akaunti yako na umwambie kocha. Jozi moja ya viatu haijamaliza mtu, mkataba unaweza.

Kwa mzee wako inabidi uende taratibu, kwa sababu ana nia njema na kwa mtoto mwingine ushauri wake ungekuwa sahihi. Mwambie hivi: siku utakaposajiliwa mwanafunzi wa muda wote chuo chochote cha hapa, ile miaka mitano inaanza kuhesabiwa, na haisimami ukiacha masomo, ukikosa karo wala ukinyimwa visa. Ukisoma muhula mmoja hapa ukaacha, utafika Marekani kama mwanafunzi anayehama, na kanuni za wanaohama ni mlango mwingine wenye masharti yake. Kama KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, wamekupa nafasi, usiripoti kabla kocha na ofisi ya kanuni ya chuo chake hawajakujibu kwa maandishi. Chuo cha ufundi nacho kinaweza kuhesabiwa, kwa hiyo usijisajili ukidhani hicho ni kidogo. Ukitaka kutumia muda, jifunze kompyuta au Kiingereza cha mtihani kwa njia isiyokufanya mwanafunzi wa chuo.

Tuseme umefuata yote. Unafika Agosti 2026 na misimu miwili. Je, inafaa?

Hapa ndipo nakuomba utulie, kwa sababu vijana husikia neno skolashipu wakaacha kuuliza. Digrii ya Marekani huchukua miaka minne. Mwaka wa kwanza utakaa nje: utafanya mazoezi na timu, unaweza kupewa skolashipu, lakini hutashindania chuo. Mwaka wa pili na wa tatu utakimbia. Mwaka wa nne huna msimu. Nani atalipa mwaka wa nne? Hilo ndilo swali la kumwuliza kocha kabla ya lingine lolote, na jibu litoke kwa barua rasmi ya chuo, si kwa sauti ya WhatsApp. Kocha anaweza kuhamia chuo kingine wakati wewe bado uko mwaka wa pili. Ahadi ya mdomo huondoka naye, barua hubaki.

Uliza pia skolashipu ni ya kiasi gani. Kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume ilikuwa na skolashipu 12.6 tu za kugawana, ndiyo maana wengi walipewa nusu au robo. Baada ya mahakama kuidhinisha suluhu ya kesi ya House, ya wanariadha dhidi ya NCAA, Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na mpango ule viliachana na kikomo cha skolashipu na badala yake vikawekewa kikomo cha watu kwenye timu: 17 kwa mbio za nyika za wanaume, 45 kwa riadha. Inasikika vizuri, na kwa wengine ni vizuri. Lakini kwako ina makali, maana nafasi sasa zina kikomo na mtu anayekaa mwaka mzima bila kushindana anakalia mojawapo. Kocha mkweli atakuambia kama yuko tayari kukubeba mwaka huo. Akikwepa swali, umeshapata jibu.

Kuna njia nyingine, na wala si za aibu. Division II huhesabu mihula kumi uliyosoma kwa muda wote badala ya miaka mitano ya kalenda, kwa hiyo ukilazimika kusimama masomo muda wako haupotei bure. Nao wana kanuni zao za waliochelewa, kwa hiyo uziulize mapema. NAIA ni chama kingine kabisa chenye kituo chake cha uthibitisho, nacho kina vyuo vidogo vinavyopenda sana wakimbiaji wa kwetu. Kisha kuna vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya NJCAA. Wesley Kiptoo alianzia Colby Community College kule Kansas kabla ya kwenda Iowa State na kutwaa taji la NCAA. Lakini angalia: kuingia chuo cha miaka miwili nako kunaanzisha ile miaka mitano ya Division I. Kama lengo lako kubwa ni digrii, ningekuandikisha mahali ambapo miaka yote minne imelipiwa, hata kama jina la chuo halitamtisha mtu yeyote kambini. Kama lengo ni kukimbia na kupata hela haraka, basi tuambiane ukweli: barabara iko wazi, na huhitaji NCAA. Kuchanganya hayo mawili bila mpango ndiko kunakowarudisha vijana nyumbani bila digrii na bila mkataba.

Ukishafika, haki ya kushindana hupotea zaidi darasani kuliko uwanjani. Kila muhula ni lazima uwe umesajiliwa angalau krediti 12, yaani vipimo vya mzigo wa masomo. Ukiacha somo moja katikati ya muhula ukabaki na tisa, siku hiyohiyo huruhusiwi kushindana, na visa yako ya mwanafunzi, F-1, nayo inaingia mashakani kwa sababu inadai hizohizo 12. Ukichukua masomo ya mtandaoni, kwa visa ni moja tu kwa muhula linalohesabiwa ndani ya kiwango hicho. Lazima ufaulu angalau krediti sita kila muhula, na uwe na 24 kabla ya kuanza mwaka wa pili. Kisha huja kipimo kinachowakamata wengi: kuingia mwaka wa tatu uwe umekamilisha asilimia 40 ya digrii yako, wa nne 60, wa tano 80. Tazama maneno "digrii yako". Mtu anasoma biashara miaka miwili, anafaulu vizuri, halafu anabadilisha kwenda uuguzi kwa sababu dada yake Texas amemwambia kuna kazi. Nusu ya masomo aliyofanya hayahesabiki kwenye uuguzi, asilimia inashuka chini ya 40, na msimu ule anautazama akiwa jukwaani. Kama unataka uuguzi, anza na uuguzi.

Kamari nitaisema kwa nguvu, maana najua simu zenu. Kubeti ni marufuku kwa mchezo wowote ambao NCAA ina ubingwa wake, na soka imo, kwa hiyo hata mkeka wa shilingi hamsini wa Ligi Kuu ya Uingereza ni kosa. Mwaka 2025 viongozi wa Division I walijaribu kuruhusu kubeti michezo ya kulipwa, vyuo wanachama wakaipinga kabla haijashika, marufuku ikabaki. Futa hizo programu kabla hujapanda ndege. Kubeti kwenye mashindano yako mwenyewe kunaweza kukumaliza kabisa.

Dawa unazijua, na wale wa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo, wameshafika kambini kwenu kufundisha. La kuongeza ni kwamba ukipatikana na dawa ya kuongeza nguvu kwenye vipimo vya NCAA unapoteza mwaka mzima na msimu, na adhabu ya kimataifa hukufuata hadi chuoni. Sindano ya duka la dawa mjini "ya kutoa uchovu" usiiguse.

Halafu likizo. Wengi huharibu hapa. Umerudi nyumbani Juni, jamaa wanajua uko Marekani, unaalikwa mbio za kijijini zenye zawadi. Wewe sasa ni mwanariadha wa chuo: uliza ofisi ya kanuni kabla ya kuvaa namba yoyote. Na hela za matangazo ambazo wanafunzi wa Marekani wamekuwa wakiruhusiwa tangu Julai 2021, kwako zina kikwazo cha visa, kwa sababu F-1 haikuruhusu kufanya kazi upendavyo. Hiyo ni ya wakili wa uhamiaji, usichukue ushauri wa mchezaji mwenzako aliyezaliwa Ohio.

Jambo la mwisho kuhusu kanuni: kuna mjadala mkali ndani ya NCAA wa kuachana na hesabu ya misimu na kutoa miaka mitano inayohesabiwa kwa umri au tangu kumaliza sekondari. Mfumo wa namna hiyo ungekufaidi kidogo au ungekubana zaidi kulingana na utakavyoandikwa, lakini kwa mtu aliyemaliza 2022, kuchelewa hakumsaidii kwa vyovyote. Ndiyo maana nakuhimiza ukae na watu wanaoweza kukupa jibu la faili lako, kwa sababu mimi nimekupa hesabu tu.

Mtu wa kwanza ni ofisa wa kanuni za michezo wa chuo hicho. Kila chuo cha Division I kina ofisi yake, na kocha hana mamlaka ya kukuambia unafaa au hufai. Mwombe kocha akuunganishe kwa baruapepe, kisha tuma orodha ya mbio zako tano: jina, mji, tarehe, umbali, nafasi, zawadi, gharama. Taja viatu na meneja. Uliza maswali matatu: nina misimu mingapi, nitakaa nje kwa muda gani, na mwaka wa nne analipa nani. Mtu wa pili ni washauri wa EducationUSA Nairobi, walio chini ya ubalozi wa Marekani. Ushauri wao ni wa bure na watakusaidia na maombi, fomu ya I-20 (ile chuo hukupa ya kuombea visa) na mahojiano ya visa. Mwone wakili ikiwa utakumbuka kwamba uliwahi kusaini kitu kambini, hata karatasi ya ukurasa mmoja ambayo hukuisoma. Mpe nakala kabla ya kujaza akaunti ya NCAA, si baada. Na cheti cha KCSE kifuatilie shuleni wiki hii. Kama kimezuiwa kwa sababu ya deni la karo, zungumza na mwalimu mkuu mapema, maana karatasi ya matokeo peke yake inaweza isitoshe na Agosti haiko mbali.